Kahawa ya Aliyenituma

Tata,

Nimerudi juzi kwa meli. Mlango wetu umevimba kwa mvua, ikabidi niusukume kwa bega kama ulivyokuwa ukifanya wewe, ukisema kila mara kwamba kesho utaupiga randa. Ndani hakuna aliyegusa kitu. Kofia yako iko kwenye msumari wake. Jana jioni nilisonga ugali, nikaukata vipande viwili kabla sijakumbuka, nikakaa nakitazama kile cha pili mpaka kikapoa. Kazini walinipa pole tena, mmoja mmoja, kisha wakarudi kwenye mafaili yao nami nikarudi kwenye yangu. Hapa Kisumu sina wa kumsimulia safari. Ndiyo maana nakuandikia wewe, baba yangu, kwa kalamu yako, kwenye meza uliyonifundishia kusoma. Nitajaribu kwenda kwa utaratibu, ingawa mambo yenyewe hayakwenda hivyo.

Nimetoka kwenu, Tata. Nimetoka Izigo.

Unakumbuka ulivyonituma. Ulikuwa umelala kwa ubavu, sauti yako imebaki kama ya mtu aliye chumba cha pili, ukasema, "Ukimaliza kunizika, nenda kamwambie mama yangu. Usiandike. Barua atasomewa na mtu baki. Nenda na miguu yako." Nikasema nitakwenda. Ulicheka kidogo, kwa sababu ulinijua. "Wewe mtoto," ukasema, "unaogopa kubisha hodi hata kwenye mlango ulio wazi."

Tulikuzika watu saba. Nilihesabu, maana nisipopata kitu cha kuhesabu nalia. Mimi, mwenye nyumba wetu na mkewe, wenzako watatu wa bohari ya bandarini, na mchungaji wa shule yangu, aliyekuja kwa hisani tu, kwa sababu wewe kanisani kwenu hukuonekana tena tangu Mama alipofariki. Mvua ilikuwa imefunga, mchungaji akafupisha. Kufika saa sita tulikuwa tumeshanawa mikono, na kila mtu ana njia yake.

Kisha nikakaa miezi mitano bila kwenda. Niliandika barua ya likizo, nikaiondoa mezani kwa mkubwa kabla hajaisaini, nikaiandika upya. Nilijiambia kwamba sasa hizi ni nchi mbili huru, huenda karatasi zangu zisitoshe. Nilijiambia kwamba huko wameshika siasa ya ujamaa na mgeni atatazamwa kwa jicho la pembeni. Zote zilikuwa sababu nzuri. Karani hakosi sababu.

Siku nilipoondoka nilivaa koti lako la kijivu, maana ulinionya zamani kwamba mvua ya Bukoba haina ratiba. Bandarini afisa alinipa fomu. Nilipofika kwenye mstari wa sababu ya safari nilisimama na kalamu mpaka mtu wa nyuma yangu akakohoa. Nikaandika: kusalimia ndugu. Huo ndio uongo wangu wa kwanza, na niliuandika kwa mwandiko mzuri.

Basi la kwenda Muleba liliniacha Izigo mchana. Uliniambia nyumba za kwenu haziioneshi barabara uso, na ni kweli. Niliona migomba tu, na chini yake mibuni, na njia nyembamba zinazoingia ndani kama zinaficha kitu. Niliuliza kwa Kihaya chako, nacho kilieleweka, ila watu walitabasamu. Baadaye jirani mmoja aliniambia nazungumza kama mzee aliyelala miaka thelathini akaamka. Nadhani ndivyo wewe ulivyokuwa ukizungumza.

Mama yako alikuwa ameketi mlangoni anamenya ndizi. Ni mdogo wa umbo, Tata. Hukuniambia kama ni mdogo hivyo. Aliniona natokea kwenye migomba, akasimama kisu kikiwa bado mkononi, akanijia. Akanishika uso kwa mikono miwili yenye utomvu, akasema, "Deo. Umerudi."

Alinitazama tena, akashusha mikono, akacheka, akajipiga paji la uso. "Macho ya kizee," akasema. "Deo gani huyu asiye na mvi. Wewe ni Mujuni." Ndiyo mara ya kwanza mtu mwingine zaidi yako kuniita jina hilo. Huku kila mtu ananiita Erasto. Kisha akauliza, huku bado anacheka, "Baba yako hajambo?"

Nikasema, "Hajambo, bibi."

Sikupanga kusema hivyo. Nilikuwa nimerudia maneno yangu melini siku mbili, kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Lakini alikuwa ametoka tu kukupata na kukupoteza kwa dakika moja, na alikuwa anacheka, nami sikuweza kumwambia.

Aliniingiza ndani. Unaijua nyumba ile kuliko mimi: nyasi kavu sakafuni, harufu ya moshi, picha ya Moyo Mtakatifu juu ya mlango wa chumba. Akaleta kikapu kidogo chenye kifuniko, akatoa vifungo viwili vya kahawa ya kutafuna, vimefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Akaniwekea mkononi kimoja baada ya kingine. "Hii yako," akasema. "Hii ya aliyekutuma."

Sasa nakuomba unielewe hapa, maana ndipo kila kitu kilipoharibika au kilipotengenezeka, sijui. Nilitafuna yangu. Ilikuwa chungu na yenye harufu ya majani yaliyochemshwa nayo. Kile kifungo cha pili kilibaki kiganjani. Nilijua ni chako. Nilijua natakiwa kukitia mfukoni nikuletee. Lakini Tata, mimi kazi yangu ni kupokea vitu na kuvifikisha, na sijawahi hata siku moja kusaini kupokea kitu ambacho najua sitaweza kukifikisha. Mdomo wangu ulikuwa umeshadanganya. Mkono wangu ulikataa. Nikakifungua mbele yake, nikakila. Nilidhani ataona tu kijana mlafi wa mjini.

Alitazama lile jani lililobaki, akaliokota, akalikunja, akaliweka kikapuni. Kisha akarudi mlangoni kumalizia ndizi zake.

Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Jioni alipakua ndizi na maharage kwenye jani la mgomba. Wewe ulinisimulia chakula hicho tangu utoto wangu. Ulisema mtu akikila husahau jina lake. Nilipotia tonge la kwanza kinywani nilingoja. Hakikuwa na chumvi hata chembe. Nikala nikasifu. Ijumaa vilevile. Jumamosi vilevile, tena kimepoa. Nikawaza kwamba labda chumvi uliitia wewe kwa kukumbuka, miaka yote hiyo Kisumu, na chakula chenyewe ndivyo kilivyo.

Alinipa kitanda chake, akalala chini kwenye nyasi karibu na mafiga. Nilikataa, akanitazama tu, nikalala kitandani. Nyumba haikufagiwa. Nyasi za sakafuni, zilizochakaa, hazikubadilishwa. Nina kidaftari changu, unakijua, na nilikuwa naandika humo kama mtu wa sensa: chakula cha huku hakina chumvi; nyumba hazifagiwi kila siku; wazee hulala chini, mgeni hupewa kitanda. Nimeyasoma jana maneno hayo. Nilitaka kuuchana ukurasa ule, nikauacha ili unifundishe.

Kila jioni alisali rozari, nami nilikaa pembeni na mikono magotini, maana sijui njia yake. Mwisho wa sala alitaja majina, kwanza walio hai, halafu marehemu. Mpangilio wake ulikuwa safi kabisa, mkubwa kwa mdogo. Katika walio hai alianza na dada yako aliyeolewa Ijumbi, kisha akanyamaza kama mtu aliyeruka mstari, kisha akanitaja mimi. Katika marehemu alimtaja baba yako, na ndugu zako wawili waliokufa wachanga, kisha akanyamaza tena. Nilisubiri jina lako kila jioni, na kila jioni nilikutana na ule ukimya mara mbili. Niliandika: bibi anaanza kusahau.

Jumamosi alikuja balozi wa nyumba kumi. Anaitwa Muganyizi, mtu mrefu, mwenye daftari la shule chini ya kwapa. Aliketi, akatafuna kahawa, akaja kwenye lake. Jumatatu ni zamu ya nyumba zake kulima shamba la ujamaa, la mahindi, kule bondeni. Kila nyumba itoe mtu na jembe. Wiki hiyohiyo bwana shamba atakuja kutoka Muleba kukagua. Akaangalia juu ya mlango, mahali jembe la mama yako lilipokuwa limefungwa kwa kamba ya mgomba, ambayo kwa moshi wa ndani haikuonekana vizuri. "Mama," akasema, "jembe lako limeolewa na ukuta?"

"Linapumzika, waitu," mama yako akajibu kwa heshima.

"Na mgeni wako? Nasikia ni karani wa Kenya. Huko makarani hawalimi?"

Alisema kwa utani. Lakini unanijua. Nilianza kufikiri kuhusu lile daftari, na jina la nyumba yenu likiwa halina alama, na mtu wa Muleba akiuliza kwa nini, na jibu likawa ni yule mgeni. Sikulala vizuri.

Jumapili mama yako hakwenda kanisani. Alisema, "Nikienda wataniuliza habari za nyumbani." Nikadhani amechoka na watu. Nilikwenda na jirani yake, Ma Tereza, mama mnene mwenye maneno mengi, aliyeniketisha upande wa wanaume na kunionya nipige magoti wakipiga wengine. Padri alipofika kwenye kuwaombea marehemu nilifunga mdomo. Shuleni kwetu tulifundishwa kwamba mtu akishakufa mambo yake yamefungwa, hakuna tunachoweza kumwongezea. Lakini nilikuwa nimesimama katikati ya watu mia kadhaa wanaowaombea wafu wao, na wewe mfu wangu hukuwa na hata mmoja, kwa sababu mimi nilikuwa nimekuacha mfukoni.

Njiani kurudi Ma Tereza alizungumza mambo mengi, nami niliitikia. Akasema juu ya mtu fulani wa Rubafu aliyefia mbali na kwao wasijue; mifugo haikutulia, watoto walikuwa wakiota. "Mtu asiyeliliwa hukaa kizingitini," akasema. "Haingii, haondoki." Mimi siamini mambo hayo, Tata. Lakini nilihisi ananisema mimi.

Jumatatu asubuhi mama yako alikwenda kisimani. Nilimngoja apotee kwenye migomba. Nikapanda kigoda, nikalifikia lile jembe. Kamba ilikuwa imezungushwa mara nne, na fundo lake lilikuwa zuri, la mtu mwenye subira. Nililifungua polepole kwa kucha, kama ninavyofungua kamba za mafaili, nikaiacha kamba ikining'inia kwenye mpini kwa sababu sikutaka kuipoteza. Nikateremka bondeni. Nilijiona, Tata, kama mjukuu mwema. Nilidhani namwokoa.

Shambani walikuwa watu thelathini au zaidi, wanapiga mstari, wanataniana. Waliponiona walipanua nafasi. Mwanamke mmoja akasema, "Karani, usilishike kama kalamu, litakuandika mguuni." Wakacheka, nikacheka nao, na kwa kweli kwa saa nzima sikuwa mpweke. Balozi Muganyizi aliandika jina la nyumba yenu, akaniinulia kidole gumba. Viganja vyangu vilitoka malengelenge, nikavifurahia.

Ma Tereza alikuwa mtu wa tatu kutoka kwangu. Alikuwa katikati ya hadithi. Akageuka kunitania, macho yake yakashuka kwenye mpini, kwenye ile kamba. Hadithi ikakatika.

Alinijia karibu. Kwa sauti ya chini akauliza, "Mama amekuruhusu kulitoa?"

Nikasema, "Yuko kisimani."

"Nani amefariki?"

Nikasema, "Hakuna."

Halafu akachukua jembe lake, akaliweka begani makali yakiwa nyuma, akaondoka shambani bila kumuaga balozi. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akaiona ile kamba, akaacha kulima pia. Nilisimama pale na jembe lenye udongo. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba kuna jambo nimelivunja, na kila mtu anajua jina lake isipokuwa mimi.

Nilirudi mbiombio. Mama yako alikuwa ameketi mlangoni, mtungi wa maji pembeni, anatazama mahali jembe lilipokuwa. Nikalishusha mbele yake. Hakunigombeza. Alilivuta, akamimina maji kidogo, akaanza kuliosha kwa kiganja, akizungusha dole gumba kwenye makali, udongo ukitoka.

"Siku nne," akasema, "nyumba hii haishiki jembe. Haitii chumvi. Haifagii. Mimi silali kitandani. Ulidhani ni uzee, si msiba?"

Nilitazama maji yenye udongo yakipita miguuni mwangu.

"Alhamisi nilikupa kahawa ya baba yako. Mtoto ambaye baba yake yuko hai huifunga akampelekea. Wewe ulikula. Nikasema labda hakufundishwa. Lakini uliinamisha kichwa ukiwa unakula, kama mtu anayekunywa dawa. Nikajua." Akaendelea kuosha, ingawa jembe lilikuwa limeshatakata. "Kilio nimekibeba mdomoni kama maji. Siwezi kumeza. Siwezi kutema. Neno ni lako wewe uliyetumwa, mimi siwezi kulisema kabla yako. Nikilia mimi kwanza, nakuwa nimemuua mimi. Na leo umelima juu ya baba yako."

Nilipiga magoti, Tata. Si kwa sala. Nilisema kwa Kihaya chako, maneno yale yale niliyoyarudia melini, lakini yalitoka matatu tu. Nilisema, "Bibi, Tata amefariki."

Akalilaza jembe chini. Akasimama, mdogo vile, akaweka mikono kichwani, akalia.

Sijui nikuelezeje. Mimi nilikulilia Kisumu na uso kwenye mto, ili mwenye nyumba asisikie. Yeye alikulilia ili kilima kisikie. Alikuita kwa majina yako yote, hata ambayo sikuyajua. Sauti ilikwenda juu ya migomba, na muda mfupi baadaye sauti nyingine ikaipokea kutoka kwa Ma Tereza, na nyingine ng'ambo ya njia, na nyingine bondeni. Kisha nikasikia kitu ambacho sikujua kwamba kinaweza kusikika. Majembe yalinyamaza. Kule bondeni, ambako tangu asubuhi kulikuwa na kile kishindo cha watu thelathini wanaopasua udongo, pakawa kimya.

Walikuja wote. Walikuja na udongo miguuni, wakaketi kwenye majani ya migomba uani. Tulikuzika watu saba, Tata, na nilishindwa kuwahesabu waliokulilia. Nilijaribu. Nilifika sitini na kitu nikachanganya, kwa sababu waliendelea kuingia.

Balozi Muganyizi alikuja bila daftari. Akaketi karibu nami, akanyoosha miguu. Nilimwomba radhi kwa shamba, kwa sababu sikuweza kujizuia. Nilimwuliza bwana shamba atasema nini. Akawaza. "Atakuta majembe yamelala," akasema. "Nitamwambia udongo umefiwa. Akiwa ana mama, ataelewa." Akanigusa bega. "Na wewe karani, jina la nyumba yenu leo nililiandika. Nitalifuta. Hukulima. Ulikuwa umepotea njia."

Kwa siku nne zilizofuata hakuna aliyeshika jembe kwenye kilima kile, wala kwenye vibanja vyao vya migomba, wala kwenye shamba la ujamaa. Niliona magugu yakichungulia kwenye mistari yetu ya mahindi. Yalikuwa yako.

Mama yako aliniuliza kila kitu, tangu kikohozi cha kwanza. Nilimweleza kwa utaratibu, na hakunikatiza mpaka nilipofika makaburini. "Nani alimzika? Padri?"

Nikasema, "Mchungaji, bibi. Wa shule yangu."

Alifikiri. "Mungu aliyaelewa maneno yake?"

"Nadhani, bibi."

"Basi," akasema. Lakini Alhamisi alinituma kwa padri, na Ijumaa misa ilisomwa, na jina lako likatajwa mbele ya watu. Nikasema Amina. Niliisema kwa sauti. Sijui walimu wangu wangesemaje, na kwa mara ya kwanza sikuwaza sana.

Kila jioni ya siku zile majirani walisali uani. Mama yako alifika kwenye majina, na kwenye walio hai hakunyamaza tena. Alitoka kwa shangazi akaja kwangu. Kwenye marehemu, baada ya wale wachanga wawili, akasema, "Deogratias." Alitulia kidogo, si kama anayesahau, bali kama anayekuwekea kigoda.

Wakati matanga yalipokwisha tulinyolewa, yeye na mimi. Nyasi za zamani zilitolewa zikachomwa, mpya zikatandazwa. Akaniambia nifungue jembe. Lile fundo alikuwa amelifunga tena, mara nne, na safari hii alinishikia kigoda. Tukaenda kwenye kibanja, kule nyuma, anakolala baba yako. Pembeni yake kuna nafasi. Alisema imekungoja. Nilichimba shimo na viganja vyangu vilivyochunika, tukapanda chipukizi la mgomba mahali ambapo ungelala. Hakulia pale. Aliukanyagia udongo kwa kisigino, imara, akasema, "Mwambie huku pana kivuli."

Jioni ile alipika ndizi na maharage. Alitia chumvi mwenyewe, kidogo kidogo kwa vidole, akanitazama nikila. Ulisema kweli, Tata. Karibu nisahau jina langu. Nilisimama nikatoka nje kwa sababu nilitaka kukuambia na hukuwepo.

Asubuhi ya kuondoka alinisindikiza mpaka mahali kibanja kinapoishia. Hakunishika uso. Alinipa kifungo kimoja cha kahawa, kimefungwa kwa lile jani la Alhamisi ile, alilolikunja akaliweka. "Hii ya aliyekutuma," akasema.

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikakitia mfuko wa ndani wa koti lako.

Sasa kiko hapa mezani, karibu na wino. Nyumba ni kimya. Bado naogopa, usidhani nimebadilika sana. Leo mkubwa aliniita nikadhani ananifukuza, kumbe alitaka gundi. Na bado niko peke yangu chumbani humu, na jioni ni ndefu. Lakini kuna mtu mmoja Izigo anayetaja jina langu kila jioni katika walio hai, na saa hiyo mimi huacha ninachofanya nikakaa.

Mgomba wako utazaa baada ya mwaka na nusu hivi, mama yako amenihesabia kwa vidole. Nakuahidi nitakuwepo mkungu wa kwanza ukikatwa. Na bandarini Bukoba wakinipa fomu, kwenye ule mstari wa sababu ya safari nitaandika: kwenda nyumbani. Sitasimama na kalamu.

Lala salama, Tata. Kesho kabla ya kazi nitapita makaburini. Mama yako anasema kule pana kivuli. Na kahawa hii sitaila, yangu nilishakula. Hii ni yako, nimeipokea, na kesho naifikisha.

Mwanao,
Mujuni